Ndoo Iliyoandikwa Si Muhogo

Kuna neno moja ambalo Madam wetu wa Baiolojia hakulitumia kabisa, nalo ni pole. Ukimwambia umefiwa na babu, anakuuliza babu alikuwa anaumwa nini. Ukimwambia umeungua mkono kwa chai, anauchukua, anaugeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, anasema, "Ni ngozi ya juu tu. Usilipasue hilo lengelenge." Halafu anakurudishia mkono wako kama mtu anayerudisha kalamu aliyoazima.

Mwanzoni tulidhani ni ukali. Zawadi, niliyekuwa nakaa naye dawati moja, alisema labda kwao Kalinzi hawana neno hilo. Lakini Zawadi mwenyewe ni Mha kama watu wa Kalinzi, na anasema pole mpaka kwa kuku, kwa hiyo aliifuta hoja yake mwenyewe kabla sijaijibu. Mimi huwa nachelewa kujibu. Ninaongea kidogo sana, na nikiongea mbele ya watu masikio yanapata moto. Ndiyo maana naandika.

Madam hakutujua kwa majina. Alitujua kwa sehemu tulizokaa. Kulikuwa na Mlangoni, kulikuwa na Ubaoni, kulikuwa na kaka mmoja mrefu anayeitwa Feni Mbovu kwa sababu alikaa chini ya feni ambayo haijawahi kuzunguka. Mimi nilikuwa Dirishani. Hata siku mwalimu wa darasa alipotubadilishia viti, Madam alitufuata na majina yetu ya zamani. Mlangoni akawa anakaa katikati kabisa ya darasa na bado ni Mlangoni.

Alipenda kutuambia tuchemshe maji ya kunywa. Yeye alikunywa ya bombani, kwa kikombe cha bati, akiwa amesimama. Aliwaandika wachelewaji kwenye karatasi, na yeye kipindi cha kwanza aliingia akiwa amechelewa na karatasi hiyo mkononi. Hakula nyama ya ndani ya aina yoyote, si maini wala utumbo, na hapo ndipo palipotuchanganya, kwa sababu hakuna mtu Kigoma nzima aliyeshika mioyo na figo nyingi kama yeye ukiwatoa wenye mabucha. Dagaa alikula, ila alimtoa kila mmoja kichwa kwanza. Dagaa wa kwetu ni wadogo. Mapumziko yote yaliishia kwenye kutoa vichwa, kengele inalia, yeye ameshakula dagaa tisa.

"Madam, kwani kichwa kina nini?" Zawadi alimuuliza siku moja.

"Kina ubongo."

"Ubongo wenyewe si mdogo tu?"

"Wako nao umeshaupima?"

Zawadi akaenda kununua maandazi.

Na alitembea polepole. Shule yetu iko juu, ukitoka Ujiji unapanda, na ndani ya shule kuna ngazi za mawe kutoka uwanjani mpaka maabara. Wengine wanazipanda kwa kukimbia. Madam alizipanda kama anazihesabu, na ukimpita anasema, "Haraka ya nini? Hewa ipo tu." Mimi nilipenda kupanda nyuma yake. Nilidhani anatembea vile kwa ajili yangu. Baadaye waliomaliza shule wakaniambia ametembea hivyo tangu aajiriwe.

Ngazi hizo ndizo zilizonichongea. Kila nikifika ya kumi na mbili nilikuwa nainama, navua kiatu, nakikung'uta kama kuna kokoto. Nilifanya hivyo muhula mzima na nilijiona mjanja. Siku moja Madam alisimama juu yangu na kikombe chake cha bati.

"Dirishani. Hicho kiatu kina mawe mengi sana kwa kiatu kimoja."

Nikakikung'uta tena.

"Na mawe yanaingia kwenye ngazi ileile kila siku." Akakaa kwenye ngazi, akanishika kifundo cha mkono, akaangalia saa yake. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake jeupe, akatoa kaunta buku jipya. Sijui alitembea nalo kwa ajili ya nani. "Kila siku andika. Ngazi ulizopanda kabla ya kusimama, na mapigo ya moyo. Usiandike unavyojisikia. Kujisikia nitakuuliza mimi."

Niliandika wiki tatu, kisha alilichukua lile daftari akaenda nalo na mimi hospitali. Daktari akalisoma kuliko alivyonisoma mimi. Nilipopimwa ikaonekana mlango mmoja wa moyo wangu, ile valvu ya kushoto, una makovu. Daktari alisema ni koo. Nilipokuwa mdogo niliumwa koo, likatibiwa kwa chumvi na maji ya moto, likapona. Kumbe mwili ulipokuwa unapigana na koo uliupiga na moyo wangu. Nikaanza sindano ya kila mwezi, na jina langu likaingia kwenye orodha ya wanaosubiri upasuaji Dar es Salaam. Madam aliponirudishia daftari hakusema pole. Alisema mwandiko wangu wa namba saba unafanana na moja, nirekebishe.

Kurasa zilizobaki ndizo hizi ninazoandikia. Kwa hiyo ukikuta mahali pameandikwa "ngazi 11, mapigo 118" katikati ya habari nyingine, ndiyo sababu.

Sasa kuhusu kuosha mioyo.

Baadhi ya Jumamosi Madam alikwenda sokoni Mwanga, kwenye bucha moja, akanunua moyo wa mbuzi ukiwa na mishipa yake mirefu. Muuza bucha alishamzoea, alimwekea pembeni. Maabarani aliufunga uzi kwenye mshipa mkubwa, akachomeka mpira wa dripu, na ile mipira aliichemsha kama anachemsha mayai. Juu ya kabati aliweka dumu la maji yenye sabuni. Sabuni ikashuka polepole, ikaingia ndani ya moyo, ikatokea upande wa pili, ikadondokea kwenye ndoo. Tone moja moja. Siku ya kwanza ndoo ilikuwa na maji mekundu. Siku ya pili moyo ulikuwa wa rangi ya waridi. Siku ya nne au ya tano ulikuwa mweupe, na ukiushika mbele ya dirisha unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili.

Alitueleza mara moja tu, hakupenda kurudia. Mwili umejengwa kwa seli, na seli zinakaa kwenye kiunzi, kama watu wanavyokaa kwenye nyumba. Sabuni inawatoa watu wote, nyumba inabaki, na vyumba vyake na milango yake na korido zake nyembamba za damu. Huko kwenye maabara kubwa za dunia wanajaribu kuziingiza seli za mgonjwa mwenyewe kwenye nyumba kama hiyo, ili zikae, zizaane, ziifanye iwe yake. Mwili hauwezi kumfukuza mtu wa kwake.

"Kwa hiyo huo wa kwako utakuja kupiga?" Feni Mbovu aliuliza.

"Sijui. Andika swali."

Sijui, andika swali. Hilo lilikuwa jibu lake la kila siku. Kwenye ukuta wa maabara kulikuwa na karatasi ya maswali ambayo hayajajibiwa, na ilikuwa ndefu kuliko ratiba ya vipindi.

Jambo la muhogo lilitokana na friji. Friji ya maabara ilikufa, na sehemu yenye ubaridi shuleni ni stoo ya jikoni, ambako mpishi wetu analoweka muhogo siku kadhaa mpaka ulainike, ndipo auanike, autwange, tule ugali. Madam akaomba kona. Akaweka ndoo yake nyeupe yenye moyo mweupe kando ya ndoo nyeupe zenye muhogo mweupe. Naandika hivi mtu asije akamlaumu mpishi.

Jumatatu mpishi alimwaga maji ya ndoo zote, akaanika juu ya jiwe kubwa nyuma ya jiko, akaenda kuchambua maharage. Mchana Madam akamkuta, akamsalimia kwa Kiha.

"Mwakeye, mama. Ndoo yangu umeiona?"

"Zote nimeanika, Madam. Muhogo wa safari hii mzuri. Ila mmoja umeliwa na wadudu, una matundu mpaka katikati."

Madam akaenda kwenye jiwe. Sisi tukamfuata. Moyo ulikuwa pale kati ya mihogo, umenywea kidogo, na nzi wawili ambao hawakuonekana kujua tofauti. Madam akauokota, akaupuliza vumbi.

"Mama, huu ni moyo."

Mpishi akautazama. Akatazama mihogo mingine. Akakaa chini kwenye kigoda. "Madam," alisema, "niambie tu ukweli. Ni wiki ya kwanza hii kuuweka humo?"

"Ya sita."

Hakuna aliyekula ugali siku mbili. Madam aliuloweka ule moyo maji safi, ukarudi umbo lake, milango yote minne ikiwa mizima, akatuita tuone. Alifurahi sana. Yaani alitabasamu, na hilo lilitutisha kuliko moyo wenyewe. Mkuu wa shule alimwita ofisini, na alipotoka alikuwa na kalamu nene ya kuandikia mabango. Akaandika kwenye ndoo kwa herufi kubwa: SI MUHOGO. Hakuandika ni nini. Alisema hilo halikuwemo kwenye maagizo.

Mimi sikucheka siku ile, au nilicheka kidogo. Nilikuwa nimekaa karibu na ule moyo kuliko wengine, na Madam alinipa nitie kidole kwenye mlango wa kushoto. "Wa kwako ni huu," alisema. Ulikuwa laini kama ngozi ya ndani ya yai. Niliusukuma, ukafunguka. Nikautoa kidole, ukajifunga wenyewe. Mbuzi alishaliwa zamani, na mlango wake bado unajua kazi.

Tangu siku hiyo nikawa na wazo, na sikumwambia mtu. Ndiyo shida ya kuwa kimya, wazo la kijinga linakaa ndani na linanenepa.

Tarehe ya Dar ilipopangwa Bibi yangu ndiye aliyepokea simu. Naishi na Bibi Ujiji, wazazi wangu wako ng'ambo ya ziwa kwenye biashara zao. Bibi aliogopa sana kusikia nitapasuliwa kifua, ila alijikaza. Mimi nikamwambia siendi. Nikamwambia kuna mlango mwingine unaotengenezwa, ambao ukiwekwa unakuwa wako kabisa, huhitaji dawa, na Madam wetu anautengeneza pale shuleni, tusubiri. Bibi akashusha pumzi. "Kama Mwalimu yupo, basi tusubiri," alisema, na akanipikia samaki mgebuka kwa mawese kama sikukuu.

Kesho yake nikamwandikia Madam kikaratasi, maana kwa mdomo nisingeweza. "Madam, nimeamua sitakwenda Dar. Nitasubiri wa kuoshwa." Alikisoma katikati ya kipindi. Akakikunja, akakitia mfukoni, akaendelea na somo la majani. Alichora jani moja mara mbili.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alitoka shuleni kabla ya kengele. Mimi nilipofika nyumbani nikakuta bodaboda imesimama mlangoni kwetu. Madam alikuwa anashuka na ndoo mkononi.

"Madam, muhogo wako umemwagika maji kidogo," dereva alimwambia.

"Soma ndoo," alisema Madam, akaingia ndani.

Alimwamkia Bibi, shikamoo ya kupiga goti kidogo, akakaa kwenye mkeka, akafungua ndoo. Bibi akachungulia, akarudi nyuma.

"Ndio huo?"

"Ndio huu, Bibi."

"Wa nguruwe?"

"Wa mbuzi. Amechinjwa Mwanga, na mchinjaji anaswali hapo msikiti wa sokoni."

Bibi akasogea tena. Aliutazama muda mrefu. "Ukishauosha hivi," aliuliza, "mbuzi bado yumo?"

Madam akafikiri. "Sijui, Bibi. Hilo swali nitaliandika."

Kisha akanigeukia mimi. Hakuwa mkali. Alinitazama alivyonitazama kwenye ngazi.

"Nimeosha mioyo kumi na mmoja," alisema. "Hakuna hata mmoja uliopiga. Hata mara moja. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina dumu na sabuni ya vyombo. Mnachokiona ni nyumba isiyo na mtu. Walio na maabara kubwa, valvu za kuoshwa wameanza kuwawekea watu wachache, nao bado wanawaangalia zitadumu vipi. Moyo mzima bado kabisa. Na hakuna kati ya hivyo kitakachofika Ujiji kabla ya tarehe yako."

Bibi alikuwa ameshika ncha ya kanga. "Mwalimu, si alisema wewe unamtengenezea?"

"Nilimwekea kidole chake humu ndani, Bibi. Sikumwambia maneno ya mwisho. Ni kosa langu, nalo nimelileta." Akafunika ndoo. "Wiki iliyopita alipanda ngazi saba, akasimama. Mwaka jana zilikuwa kumi na mbili. Moyo huu wa kwenye ndoo hauna haraka. Wake unayo."

Nilitaka kusema kitu, masikio yakapata moto. Nikasema hivyo hivyo. "Na huko Dar wataniwekea nini?"

"Valvu ya chuma."

"Itakuwa yangu?"

"Haitakuwa yako. Itafanya kazi. Utameza dawa ya kulainisha damu kila siku, na ukija kutaka mtoto itabidi ukae na madaktari vizuri kwanza, maana dawa hiyo na mimba havipatani. Mengine muulize daktari, yeye anajua kuliko mimi."

Bibi akaiachia ncha ya kanga. Halafu akasema, "Chuma hakina neno. Kwa nguruwe ndiyo nisingejua la kufanya."

Nililia kidogo, nilijificha kwenye kanga ya Bibi. Madam hakusema pole. Alisubiri nimalize, akanishika kifundo cha mkono, akaangalia saa yake, akasema namba. Nikaiandika.

Upasuaji sitauandika sana, nilikuwa nimelala. Nakumbuka treni, siku mbili, Bibi amebeba mawese kwenye chupa kwa ajili ya madaktari. Nakumbuka kuamka na kiu. Na nakumbuka sauti: tik, tik, tik, nikadhani ni saa ya ukutani. Hakukuwa na saa ukutani. Bibi aliweka sikio, akasema sasa tumekuwa na saa mbili nyumbani, ile mbovu na mimi, na hakuna hata moja inayosema ni saa ngapi. Baadaye shuleni, kwenye mtihani wa majaribio, msimamizi alizunguka darasa zima akimtafuta mwenye saa kubwa. Darasa zima lilikaa kimya kwa heshima, mpaka Feni Mbovu akashindwa kujizuia kucheka. Mimi masikio.

Niliporudi shuleni, Madam alikuwa amehamishiwa shule nyingine upande wa Kalinzi. Maabara ilikuwa na mwalimu mpya anayetujua kwa majina. Karatasi ya maswali ilikuwa bado ukutani, na chini kabisa, kwa mwandiko wa Madam: Je, mbuzi bado yumo?

Nilimwona tena mwaka huu, nimeshamaliza kidato cha nne. Nilikuwa Kibirizi kumnunulia Bibi dagaa, asubuhi, boti zimerudi, wapagazi wanapita na magunia wakipiga kelele "Kichwa! Kichwa!" ili watu wapishe. Madam alikuwa amechuchumaa mbele ya fungu la dagaa, anamwuliza mama muuzaji kama wapo wasio na vichwa.

"Mama, vichwa nitoe mimi saa ngapi?" yule muuzaji alisema. "Hawa ni dagaa, si sangara."

"Basi nitatoa mwenyewe," alisema Madam. Akageuka. "Dirishani."

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba." Alininyooshea mkono, nikadhani ananisalimia, kumbe anatafuta kifundo. Akaangalia saa yake. Injini ya boti ilikuwa inanguruma nyuma yetu. Akakunja uso, akainama, akaweka sikio kifuani kwangu, pale pale, katikati ya soko lote. Wapagazi wakasimama na mizigo kichwani.

"Mama," mmoja wao aliuliza, "huyo unamnunua?"

"Namsikiliza. Zima injini hiyo."

Na mtu akaizima, sijui kwa nini. Madam alisikiliza muda mrefu kuliko unavyohitaji kuhesabu mapigo. Aliponyanyuka, koti lake lilikuwa na magamba ya dagaa begani, na macho yake yalikuwa mekundu kidogo. Pale Kibirizi kuna moshi, kwa hiyo siwezi kuandika zaidi ya hapo.

"Sabini na nne," alisema. "Ngazi ngapi?"

"Sihesabu tena, Madam. Napanda mpaka zinaisha."

Akaitikia kwa kichwa. Pembeni ya miguu yake kulikuwa na ndoo nyeupe. Maandishi yalikuwa yamefifia, ila yalisomeka.

"Bado unaosha?"

"Wa thelathini na mbili."

"Umepiga?"

"Bado."

Akanunua dagaa wake na vichwa vyao. Akainua ndoo, akaniangalia.

"Ukija kutaka mtoto," alisema, "si leo, si kesho, nasema ukija kutaka. Labda kufikia hapo watakuwa wamepata namna ya mlango usiotaka dawa. Una haraka?"

"Sina, Madam."

"Vizuri," alisema. "Sasa tunaweza kuosha polepole."

Akapanda kuelekea barabarani kwa mwendo wake ule. Ningeweza kumpita. Nikapanda nyuma yake.